Makala Iliyomzika Baba Angali Hai

Doha

Kwa Baba yangu mpendwa, Matinyani

Nau, baba yangu, pokea salamu za binti yako. Natumaini mgongo umepunguza ukali, ndengu zimeshika, na yule mbuzi mweusi ameacha tabia ya kuingia jikoni. Mimi ni mzima. Joto la huku ni la kutisha. Nduku, msichana wa kule Kiboko kwenye jua kali ninayekaa naye, anasema ni hapa ndipo alipojifunza kwamba kwao kuna baridi. Anakuja nyumbani likizo, na nimempa barua hii akuletee mkononi, maana simu yangu hushiki tena.

Najua kwa nini hushiki. Lakini nipe nafasi nieleze tangu mwanzo, halafu uhukumu.

Kazi yangu, Baba, ni kuandika makala za mtandaoni za duka linalouza vitu vya kutengenezwa kwa mikono. Mtu akitafuta kikapu kwenye simu yake, akutane na makala yangu, aisome bila kuchoka, na akifika mwisho awe ameshaamua kununua. Msimamizi wangu, Marisel, mama mmoja wa Ufilipino asiyecheka ovyo, ndiye aliyenifundisha. Kichwa kimshike msomaji shati. Aya ziwe fupi. Maneno ambayo wanunuzi huandika wakitafuta yawepo, lakini usiyarundike kama magunia sokoni. Na andika juu ya mtu mmoja tu, kwa sababu hakuna anayelilia umati.

Duka lilipokubali kuuza viondo, vile vikapu vya Mama na kikundi chake, niliruka kwa furaha. Makala ya kwanza niliiandika vizuri tu: makonge, rangi, wanawake wamekaa pamoja wakisuka. Marisel akaisoma, akasema, "Ni safi. Lakini sioni shida ya huyu mama iko wapi." Nikarudi kwenye meza yangu. Nikaandika kwamba Mama ni mjane, na kwamba anasuka peke yake ili watoto wapate kula.

Marisel hakuniambia nikuue, Baba. Nilikuua mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa nakunywa chai. Nilijiambia, nani wa Matinyani atasoma makala ya duka la huku? Nikasahau kwamba uongo wa mtandaoni una miguu mirefu kuliko wa kijijini.

Makala ikapendwa sana. Viondo vikaisha. Nami nikavimba kichwa, nasema kweli.

Kumbe mama mdogo Kavutha, pale dukani kwake Malili, naye ameipata kwenye simu. Mama alinisimulia yote, mara analia mara anacheka. Mama mdogo hakupiga hata simu kuuliza. Kwa nini aulize? Habari imeandikwa, na aliyeandika ni Mwende mwenyewe, mtoto wa marehemu. Akawaambia wenzake kanisani, wakachanga unga, sukari na majani, wakakodi gari, wakaanza wimbo wa msiba tangu njia panda. Wakaingia uani wakakukuta umekaa kwenye kigoda unakata ngozi ya mikanda ya viondo.

Mama anasema wimbo ulikatika katikati. Mama mdogo akashika kichwa: "Wewe si ulikufa? Mwende ameandika! Sasa hii sukari tumebeba ni ya nini?"

Nawe ukajibu, "Ingieni mkae. Marehemu atawachemshia chai."

Mama alipofika hapo nilicheka, Baba, nisamehe. Kisha akaniambia kilichofuata. Walipoondoka uliviringisha kisu na sindano ya ngozi ndani ya kitambaa, ukaviweka juu ya kabati, na hujavigusa tena. Viondo vya kikundi vimelala pembeni bila mikanda. Wanawake wanapita wakikusalimia tu, hakuna anayethubutu kuuliza.

Siku niliyokupigia ukashika simu kwa mara ya mwisho, ulisema, "Mwende, nimesikia." Ukakata. Mwende! Tangu nizaliwe hujawahi kuniita hivyo. Nilibeba jina la mama yako, kama desturi yetu, na kwa hiyo umeniita Mwaitu, mama yangu, hata siku ile niliyovunja chungu cha maziwa. Niliweka simu chini nikajiuliza ni mama gani anayemzika mwanawe akiwa hai. Iliniuma, Baba, na bado inaniuma.

Wiki hiyo hiyo mteja mmoja alituandikia. Alisema kiondo chake anabebea vitabu vizito kila siku na mkanda haujalegea hata kidogo. Akauliza: "Ni nani anayeshona mikanda hii?" Mimi, mwandishi hodari, nilianza kumjibu nikafuta. Jibu nilikuwa nimelitia kaburini.

Nikaifuta ile makala. Marisel alinuna, nikamweleza ukweli wote, akasema niandike nyingine. Nimeandika. Inaanza na msumari wa mlango wetu. Inaeleza jinsi unavyoloweka ngozi, unavyokata, unavyoshona huku ukipiga mluzi wa nyimbo za kanisa, halafu unatia mahindi debe zima ndani ya kiondo na kukitundika kwenye ule msumari tangu asubuhi mpaka jioni. Mkanda ukivutika hata kidogo, unaukata unaanza upya, na Mama akigomba kwamba wateja wanangoja, unasema, "Wangoje. Mahindi hayadanganyi." Nimekua nikipita chini ya hivyo viondo kila siku kwenda shule, na sikuwahi kuona kwamba hapo ndipo palikuwa na makala. Hakuna mtu aliyekufa ndani yake. Marisel ameisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama unashona mikanda ya suruali.

Nimekutafsiria kwa Kiswahili, iko ndani ya bahasha hii. Bado haijatoka. Isome kwa miwani yako, polepole, na ukikuta neno moja la uongo liwekee alama. Ukisema isitoke, haitatoka, nami sitaandika tena juu ya nyumba yetu.

Nisalimie Mama, mjane wangu mwenye mume. Msalimie wifi, mke wa kaka, anayewasomea kila kitu cha kwenye simu na ambaye hiki alinifichia asiwasomee. Na mama mdogo Kavutha mwambie namwomba radhi, na kwamba sukari isirudishwe, inyweni mkiwa nyote hai.

Sikuombi maneno mengi, Baba. Chukua simu, piga, useme tu lile jina. Ukisema Mwaitu nitajua kisu kimeshuka kutoka juu ya kabati.

Ni mimi, ninayebeba jina la mama yako,
Mwende