Siku ya Mahari Yangu Ulipopokea Simu ya Picha

Mpendwa Papa,

Natumaini huko Lubumbashi mnaendelea vizuri. Nasema "mnaendelea" maana sasa najua hauko peke yako.

Vita ilipokutoa kijijini kwetu Shasha nilikuwa darasa la pili. Ulituachia neno moja: "Vita ikiisha, nitarudia nyumbani." Kaka Baraka akaenda machimboni Walikale, nikabaki na mama. Kila Jumapili baada ya misa tulitembea hadi Sake, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa na simu ya mezani. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi tukingoja ilie. Ulikuwa ukimwambia mama, "Mama Baraka, niko miye tu huku, na kitanda yangu." Alicheka kama msichana, Papa. Watu wakimshauri aolewe tena, aliwajibu kwamba ana bwana.

Baada ya miaka mingi ya hivyo duka likaporwa, na simu ikaenda na waporaji. Nilipokua nikanunua simu ya intaneti, nikakutafuta. Sauti uliikubali, lakini picha uliikataa kila mara ukisingizia mtandao: "Réseau iko mubaya, mutoto wangu." Nikakuamini. Mjinga ni mimi.

Ikafika siku ya mahari. Unajua kwetu mbuzi wa baba hapokelewi mpaka baba mwenyewe atamke kwamba amekubali. Baba mdogo alikuwa tayari kukusemea, mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka wakwe waone kwamba nina baba, yu hai, ana uso. Nikapiga simu ya picha, nawe, sijui kwa kujisahau, ukaipokea.

Umenenepa. Wazee wakasogea kukuona, ukaanza vizuri: "Miye baba yake, nimekubali..." Hapo mtoto wa kiume, labda wa miaka sita, akapanda mapajani mwako. "Papa, uko unasema na nani?" Akamwona mama mbele yetu sote, akamsalimu kwa adabu uliyomfunza wewe: "Bonjour, mama."

Mama akaitika, "Bonjour, mutoto wangu."

Ukakata. Wakwe wakatazama chini. Baba mdogo akampokea mbuzi, nami nikaolewa kwa huruma ya watu.

Sikukasirikii kuwa na mtoto. Vita imetawanya wengi, na wengi wameanza upya. Ungesema tu, tungelia, yangekwisha. Wewe ulichagua kumla mama ujana wake kwa maneno matamu, Jumapili baada ya Jumapili, na hilo sijakusamehe.

Yeye hakusemi vibaya. Anataka kitu kimoja tu: jina la yule mtoto, apate kumtaja katika sala zake. Nilikataa kukuuliza, akalia siku mbili. Basi liandike, umtumie yeye, si mimi.

Kaa salama na watu wako.

Ni mimi, kitindamimba wako hadi juzi.