Kigoda cha Usukani

Gati C, Anacortes,
Washington.
Tarehe 4 Mei.

Mpendwa wifi yangu Solveig,

Hujambo? Na goti je? Natumaini baridi ya huko kwenu Petersburg, juu kaskazini mwa pwani hii, imeliachia, angalau upande ngazi bila kuwalaani waliozijenga. Huku tu wazima, isipokuwa kaka yako Arvid, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Paka hajambo, amenenepa, anatutazama kama wapangaji wake.

Nianze na boti. Mtu akiishi ndani ya boti miaka yote hii bila kufungua kamba, hiyo si boti tena, ni nyumba inayoyumba. Juu nilikuwa nimepanga vyungu vya nyanya, chini kome wameota hadi kwenye pangaboi la injini. Tumeipandisha nchi kavu, tukaikwangua na kuipaka rangi. Vyungu nimegawa. Vikombe nimevivalisha soksi za Arvid visigongane, na kila kabati nimelitia komeo, maana safari ya kuja kwenu ni ndefu na mawimbi hayabishi hodi.

Watu wa gati letu unawajua, kila mmoja anaondoka mwezi ujao. Merle, jirani yetu wa boti ya pili, amekuwa akiondoka tangu mkewe yu hai. Mimi niliapa kwamba sisi hatutakuwa hivyo.

Sasa Arvid. Amenikataza nisikuambie, nami nimekaidi. Mikono yake inatetemeka, wifi. Daktari ameshaupa ugonjwa jina, Parkinson, na hautarudi nyuma. Anataka afike kwako angali anaweza kutembea gatini kwa miguu yake. Ninyi wawili ndio mliobaki kwa mama yenu, na hilo halimtoki moyoni.

Lakini kila tulipokuwa tayari, alizua kasoro. Mara betri, mara bomba la choo. Tukiwa tayari kabisa inakuwa Ijumaa, na Ijumaa mabaharia wenu wa Kinorwe hawang'oi nanga. Wiki iliyopita nikamkuta ameifungua pampu ya maji, vipande vyote juu ya meza yangu ya kulia, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeoshea vyombo kwa pampu hiyo.

"Ilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Ilikuwa na sauti."

"Hata wewe una sauti, na sijakufungua."

Hakucheka. Nikajua anachokiogopa. Tangu tuoane yeye ndiye hushika usukani, mimi husimama mbele na kamba, kama wake wote wa hapa. Safari yenyewe haimtishi. Kinachomtisha ni kuingia gatini mbele za watu kwa mikono ile. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Niliona atairekebisha boti hiyo mpaka azikwe nayo.

Siku iliyofuata alishinda na msumeno, mlango ameufunga. Sikumpelekea hata kahawa. Jumamosi nikaenda kufuta vioo vya mbele, nikajikwaa. Chini ya usukani palikuwa na kigoda, kimekazwa sakafuni kwa skrubu zilizoingia upande upande. Nikapanda juu yake, na kwa mara ya kwanza nikaiona bahari yote kupitia kioo kile. Ufupi wangu unaujua, ulinicheka nao harusini. Kwenye boti hii hakuna mwingine anayehitaji kigoda.

Nililia, wifi. Arvid alikuwa nyuma yangu, bisibisi mkononi.

"Kimekufaa? Nimekipima kwa macho tu."

"Kimezidi kidogo," nikasema. Hakikuzidi hata unywele.

"Basi shuka nikikate."

"Kiguse uone."

Jioni tukatoka kujaribu. Kurudi, nililigonga gati na kuikwaruza rangi mpya. Merle alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Lorna, hilo gati limekuwepo hapo siku zote."

"Mwache nahodha wangu," Arvid akamjibu. "Gati ndilo lililosogea."

Tunaondoka Jumapili, Mungu akipenda, na kasoro zetu zote.

Nisalimie shemeji Torvald, umwambie nakuja na mitungi ya jemu ya zambarau aipendayo. Msalimie binti yenu Marit na mwanawe ambaye bado hatujamshika. Mwenyezi awalinde, naye azilaze bahari zilizo kati yetu.

Nina ombi moja. Mkituona tunaingia, njoo usimame gatini. Ukiniona mimi kwenye usukani, usishangae wala usiulize. Arvid atakuwa mbele, na ndiye atakayekurushia kamba. Huenda ikaanguka majini. Ikianguka, usiiname kuiopoa, wala usimpe pole. Mwache aivute, airushe tena. Mimi nitaishikilia boti hapohapo mpaka kamba ikufikie mkononi.

Wifi yako akupendaye daima,
Lorna