Jumamosi ya Mzee wa Friji

Tunduma,
Jumatatu, 14 Juni 2004

Kaka Asajile,

Shikamoo. Ipokee hii ya kwenye karatasi, maana ile niliyokupa mlangoni mwa banda langu hukuiitikia. Natumaini barua itakukuta mzima huko Mbebe, wewe na shemeji Tupokigwe na watoto wote. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Jonasi wa duka la mbolea ameniambia siku hizi anatembea bila fimbo, nikafurahi sana. Baridi ya kwenu mwezi huu naijua, si ya mchezo, na naamini maharage mmeshayatoa shambani. Mimi mwili ni mzima, nakula, nafanya kazi. Moyo ndio hauko sawa, na sababu sitakuficha: nimekukasirikia, na leo ni wiki ya tatu.

Nilikuita Tunduma tupange safari ya kupeleka posa kwa mzee Mabula, baba yake Scola. Ulifika Jumamosi mchana ukanikuta kazini. Kazi yangu unaifahamu. Naonyesha filamu za nje, na mimi mwenyewe nakaa pembeni ya televisheni na maiki, natafsiri kila neno kwa Kiswahili, kwa kuwa wateja wangu ni madereva wanaosubiri kuvuka mpaka na wachuuzi wa pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusoma maandishi. Nilikupa kiti. Kiti, kaka, wenzako wote wakiwa wamebanana kwenye mabenchi! Ukakaa, ukaangalia karibu filamu nzima, kisha ikiwa imebaki kidogo tu kuisha ukasimama mbele ya kioo ukawageukia watu. Ukawaambia kwamba watu wazima wanaocheka upuuzi uleule kila Jumamosi wana walakini, na kwamba unaona haya mdogo wako amegeuka kichekesho cha walevi. Mchana kweupe, mbele ya watu ninaokula nao! Walevi wenyewe siku ile walikuwa wawili, na walikuwa wamelala.

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe ulikuwa bado. Ukamtuma Jonasi aniletee ujumbe kwamba hutakanyaga kwa mzee Mabula mpaka nimeuchoma moto mkanda ule. Nilimwomba Jonasi arudie, nikidhani amechanganya mambo. Akarudia, tena huku anaangalia chini kwa aibu, aibu ambayo ilikuwa yako.

Kaka, unajua unachokishika? Mzee Mabula ametupa siku moja, Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba hapokei posa ya kijana aliyesindikizwa na marafiki. Baba yetu hayupo, basi anataka kumwona aliyeshika nafasi ya baba. Wale ni wafugaji, walihamia bonde la Momba na ng'ombe wao kabla Scola hajazaliwa, na wameshadanganywa vya kutosha na vijana wa mjini wasiojulikana kwao ni wapi. Usipokuja siku hiyo, shangazi yake Scola ana watu wengine wa Igamba ambao wanasubiri kuitwa. Scola mwenyewe amesema hao hawataki, lakini pia hatatoroka na mimi. Anataka kutoka kwao akiwa ameagwa. Kwa hiyo ndoa yangu yote iko mikononi mwako, na wewe umeamua kuipima kwa mkanda mmoja wa video.

Sasa nisikilize, maana siku ile hukunipa nafasi. Ulisema mtu mwenye akili haangalii kitu kimoja mara arobaini. Wewe ni mwinjilisti. Nyimbo mnazoimba makaburini umeziimba mara ngapi? Kuna mfiwa aliyewahi kunyoosha mkono akasema hizo tumeshazisikia, leteni nyingine?

Mkanda ule ulikuwa ndani ya boksi nililoachiwa na dereva mmoja wa malori mwaka juzi. Hauna jina, jalada lake lina picha ya punda tu. Nchi sijui ni ipi. Ina milima yenye theluji na watu wake wanakunywa chai kwenye bilauri. Habari yenyewe ni ndogo. Mzee anaishi kilimani na mkewe, kijiji hakina umeme, mtoto wao yuko mbali, na siku moja linapandishwa friji kwa mkokoteni wa punda, zawadi kutoka kwa mtoto. Halina barua. Mzee anakasirika, anagoma kufungua mlango wa kitu kilichoingia kwake bila salamu. Basi friji linakaa uani. Kuku wanataga juu yake, wazee wanalitumia kusikilizia kesi, anakuja bwana mmoja wa serikali na daftari kulikagua anafukuzwa na jogoo, na mlango haufunguliwi.

Mara ya kwanza kila mtu anamcheka punda, kwa sababu anaanguka mara mbili. Mimi nilicheka hadi nikaangusha maiki. Mara ya tatu punda umemzoea, unaanza kuona kwamba kila kikao cha wazee mwenyekiti anakuja na kigoda chake mwenyewe, na kila mara mtu mwingine anakikalia kabla yake. Filamu nzima mwenyekiti hajakaa! Halafu kuna dereva mmoja wa Nakonde, mtu mkimya, siku moja alinyanyuka akaonyesha kwa kidole kwamba nyuma kabisa, kwa jirani, kuna mtu anajenga ukuta. Filamu inaanza ukuta uko magotini, inaisha uko kifuani, na hakuna anayemtaja mjenzi. Watu walimpigia makofi yule dereva, naye akashukuru kwa Kibemba, natotela, natotela, utadhani ukuta kaujenga yeye. Na ukifika mara ya sita au ya saba unamwona mzee mwenyewe. Mchana analifokea friji. Asubuhi, mkewe akiwa hayupo, analifuta vumbi kwa mkono wa koti lake. Hapo unaelewa kwamba yule mzee hana hasira. Anasubiri.

Jambo kubwa kuliko yote liligunduliwa na Scola. Wakati huo alikuwa anakuja Tunduma na mchele wa kwao, akimaliza kuuza anapita bandani. Friji linapopandishwa, macho yote yako kwa punda aliyeanguka. Pale pale mama yule, mke wa mzee, anapita nyuma ya mkokoteni, anachomoa karatasi iliyobanwa kwenye kamba, anaisokomeza kifuani. Ni sekunde mbili. Scola akapiga kelele kwamba barua ilikuja na mama ameificha. Tukambishia banda zima, mimi nikiwa wa kwanza. Nikarudisha mkanda nyuma na kweli, karatasi ile pale. Nilikuwa nimeionyesha filamu mara kumi na sita sijaiona, na nilipomwangalia vizuri yule binti aliyeiona nikajua nitamwoa.

Wiki ile Tunduma haikuwa na habari nyingine. Stamili, mama ntilie jirani yangu, anashikilia kwamba barua ilisema mtoto harudi tena. Madereva wanasema mama hajui kusoma na anaona haya kumwambia mumewe. Filamu haisemi. Lakini tangu siku hiyo tunaangalia filamu nyingine kabisa kwenye mkanda uleule, kwa sababu mzee akianza kufoka hatumwangalii tena yeye, tunamwangalia mama anavyokaza macho kwenye sufuria. Kicheko chenyewe kimebadilika, kinatoka kinakatika katikati. Anayeiangalia mara moja anaona kichekesho cha friji, anasimama, anawatukana watu, anaondoka. Huyo ni wewe, kaka. Mkanda siuchomi.

Na usidhani ni mkanda tu. Luka, mwenye banda la kule stendi, aliuazima akautafsiri kwa namna yake, mzee akamfanya mtu wa kubembeleza na kulialia. Watu walimzomea. Walimwambia mzee haongei hivyo, wakatoka kwake wakaja kunishtakia mimi kwamba Luka amemharibu mzee wao.

Nilitaka kuishia hapo na hasira yangu ikiwa nzima. Nimeandika barua hii mara mbili na kuishia hapo mara zote mbili, na zote nimezichana. Luka alionewa. Alibahatisha, na mimi pia nabahatisha. Lugha ile siijui, kaka, hata neno moja. Watu wanadhani nilijifunza kwa mabaharia nilipokaa bandarini. Kila anachosema mzee wa friji nimekitunga mimi, na najua nilikokitoa.

Kukohoa mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Kumuuliza kila mgeni kama ana kwao. Kumwambia kuku kwamba ametembea na miguu, akili kaiacha nyumbani. Hayo ni ya baba, na wewe uliyajua. Ulikuwa unacheka siku ile, usikatae, nilikuona umeshika mbavu. Kisha nikakuona unaacha kucheka. Uliposimama ukasema upuuzi, nilielewa vizuri kwamba hukusimama kwa sababu ya filamu. Ulidhani namfanyia baba yetu dhihaka mbele ya watu wa mpakani. Nilipaswa kukufuata barabarani nikueleze. Sikukufuata, kwa sababu ningeanza kueleza ningelazimika kumaliza.

Namalizia leo. Mwaka tisini na saba, baba alipokuwa anaumwa, ulikuwa na miaka minne hujakanyaga nyumbani, tangu siku ulipokwenda chuo cha Biblia na yeye akakataa kutoka kukuaga. Siku tatu kabla hajafa aliomba nimtoe nje aote jua, na akiwa amekaa pale mlangoni akanipa maneno nikupe wewe. Nilikusudia kukupa siku ya mazishi. Ukafika, ukaongoza ibada, ukasema mbele ya jeneza kwamba marehemu alikuwa na moyo mgumu, kwamba alimwacha mtoto wake aondoke bila hata neno la baraka. Mbebe nzima ilisikia. Mimi niliyekuwa nimemuogesha na kumlisha miezi mitano nikasema moyoni, basi, hayo maneno huyastahili. Nikayameza. Kila Krismasi nimekuja kwako, shemeji akanipikia, nikala nikashiba, nikaondoka nayo. Miaka saba, kaka. Sina cha kujitetea.

Mwisho wa filamu, ule ambao hukuusubiri, mzee anakwenda kwenye friji peke yake. Anakohoa, anakamata kitasa, anafungua kwa mara ya kwanza. Ndani hamna kitu. Anaingiza kichwa na kuongea humo ndani muda mrefu, na anachosema hakuna ajuaye. Siku ya kwanza nilipofika hapo na maiki yangu sikuwa nimejiandaa, na maneno ya baba yakanitoka yenyewe. Tangu hapo nimeyasema kila Jumamosi kwa watu yasiyowahusu. Wewe mwenye nayo ulisimama mzee alipokamata kitasa.

Juzi niliapa sitayasema tena, kwamba nimeyachezea vya kutosha. Mzee akaingiza kichwa, nikazima maiki, nikainama nikisubiri kuzomewa. Hakuna aliyezomea. Stamili alianza kule nyuma, benchi lake likafuata, kisha banda zima, madereva na wachuuzi, Wazambia na sisi, wakamsemea mzee polepole, wote kwa pamoja, bila kukosea hata neno:

"Mwambieni mwanangu sikuwa na hasira. Siku anaondoka nilikuwa nyuma ya nyumba, nalia, nikaona aibu kutoka kumuaga na machozi. Baraka nilimpa. Hakusikia tu."

Hivyo ndivyo baba alivyosema, pale mlangoni, juani. Watu themanini wa Tunduma wanayajua kwa moyo na wewe ulikuwa huyajui. Uje tarehe ishirini na sita au usije, hayo ni yako, na naomba unisamehe kwa kuyakalia.

Scola anakuamkia, anasema shikamoo yake ataitoa vizuri mkionana. Wabusu watoto, na shemeji mwambie nimeshampatia kanga aliyoagiza, nitampa Jonasi akipita. Huku vumbi na foleni ya malori ni kama ulivyoviacha.

Ni mimi mdogo wako,
Felix