Domino ya Pembe Sita na Jina ya Mutoto

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita
Nimeshinda tena. Asubuhi nimeshinda, mangaribi nimeshinda. Hii domino shemeji Kabamba alileta toka Likasi iko na vipande vya pembe sita, kila upande na matone yake. Ukitia kipande, pande zote zinazogusa jirani lazima zifanane. Bantu ba avenue inabauma kichwa. Minyi mwenyewe hapana. Nilishinda padri mumoja mpaka akasahau misa. Silaha yangu ni kinywa. Mutu akishika kipande, naanza: "Kaka, pale ata mbuzi yangu haiwezi kutia hicho." Anakirudisha, anachukua kingine. Anakosa.

Jumatano, tarehe 5
Muke wangu Mwadi amezaa. Mwanaume, nyuma ya mabinti tupu. Ni mukubwa sawa mutoto wa miezi mine. Nimetangaza toka hospitali mpaka gare ya treni: ataitwa Ngoy, sawa minyi. Nimeingojea hii siku tangu tulipooana.

Alhamisi, tarehe 6
Mama mukwe amefika toka Kabondo-Dianda juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Anakuja kumusaidia binti yake. Anataka mutoto aitwe Ilunga, jina ya marehemu bwana yake. Neno lilipita kwa Kabamba, mwana wake, sababu kwetu mukwe na mama mukwe habaongee uso kwa uso. Nikakasirika. Nikasema mbele ya bazee: anayenishinda domino ndani ya hii lupango, humu nyumbani, yeye njo atamupa mutoto jina. Nilikuwa namufikiria Kabamba, anayecheza sawa kuku.

Ijumaa, tarehe 7
Mama mukwe amekubali kucheza. Yeye mwenyewe.
Bazee wamecheka mpaka kukohoa. Kumukimbia mukwe ni haya kubwa. Nimekwisha.

Jumamosi, tarehe 8
Kabamba alitundika kitenge katikati ya barza, tusionane. Sinia ya domino ilipita chini yake, kuja kwangu, kurudi kwa mama mukwe. Nilimuona mukono tu. Nikafungua kinywa nianze kazi yangu. Nikakumbuka. Mukwe hachekewe, mukwe hatukanwe. Nikafunga. Nikafungua. Nikafunga.
"Shemeji, leo ulimi unauma?" Kabamba aliuliza kwa nguvu, bantu bote basikie.
Bila kinywa ilibaki kuangalia vipande. Viko vigumu, kweli. Sikujua.
Alitia kipande chake cha mwisho katika tundu la katikati, pande zote sita zikakubali. Kisha nyuma ya kitenge: "Kabamba, mwambie mukwe wangu aksanti. Amecheza na heshima."
Afazali angenitukana.

Jumapili, tarehe 9
Mutoto njo Ilunga. Na kwetu, anayebeba jina ya mutu iko ule mutu. Hii sikuifikiri. Leo niliinama nimuangalie vizuri, Mwadi akasema: "Weye, unamukazia baba mukwe macho?" Nikacheka. Minyi peke yangu. Akikua na kuvunja vitu, nani atamukaripia? Nimezaa mukwe ndani ya nyumba yangu.

Jumanne, tarehe 11
Mama mukwe ameenda soko. Mwadi analala. Mutoto akalia, hakuna mwingine wa kumubeba. Nikamubeba, macho chini, sawa inavyotakiwa. Iko mwepesi. Akanyamaza. Kisha akanilowesha shati yote.
Nikasema pole pole, "Aksanti, baba mukwe." Nikabaki nimekaa vile.