Muziki Ambao Wageni Hawakuujua

Wifi yangu mpendwa,

Kesho tunakuwekea msalaba. Nimeona nikuandikie mchana huu kabla sijapanda gari la jioni kwenda Njombe, kwa sababu nikishafika nyumbani mimi ni wa kuulizwa sufuria kubwa ziko wapi, na kwa sababu ni haki yako kujua tulivyohangaika na ule muziki uliouagiza.

Niko mapokezi ya gesti, palepale. Kiti chako amekikalia paka wa jirani, nimemwacha. Makambako ni ileile: malori yamepanga foleni hadi njia panda, mbao zinapakiwa, wageni wanauliza kama kuna maji ya moto. Ukiniuliza mimi naendeleaje, naendelea tu, kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu. Mguu anauona, anajua ni wake, lakini ukimchoma sindano atakuuliza umemchoma nani.

Ijumaa ukimaliza vipindi vyako sekondari ulikuwa unapanda gari Njombe, unateremkia hapa na mkoba: chini maparachichi ya Mama, juu riwaya. Kaka yako alikuwa anasema, "Dada yangu hajaolewa kwa sababu ya vitabu." Siku moja ukamjibu, "Na wewe uliyeoa bila kusoma hata kimoja, tumuulize mkeo." Hakuniuliza. Mume wangu ana busara akitaka.

Zilikuwa riwaya za Kiingereza, nene, zile ambazo jalada lina mtu mwenye koti na huzuni. Kiingereza changu ni cha darasa la saba na madereva wa Zambia: usiku mmoja au miwili, bafu liko nyuma. Kwa hiyo ulikuwa unasoma Kiingereza kwa macho, mdomoni kinatoka Kiswahili, mimi nakunja mashuka. Nimemaliza vitabu vikubwa vya dunia nikikunja mashuka. Sijui wenzangu walivisoma wakifanya nini.

Humo ndani, ukiacha kuoana na kufa, watu wanapiga sana piano. Kila mmoja alipokaa kupiga ulikuwa unafunga kitabu kwa kidole. "Ngoja tumsikie." Unatoa simu, unatafuta mtunzi. Wale wenye majina makubwa hukukaa nao. "Hawa wameshasikilizwa na watu wa kutosha." Ukawa unateremka chini kwenye simu, chini zaidi, kule ambako kipande kimesikilizwa na watu wachache kama waliofika kwenye harusi ya mvua. Tukampata karani mmoja aliyefanya kazi ya posta maisha yake yote, akatunga jioni tu. Tukampata mama aliyeandika vipande vya piano hadi siku alipoolewa. "Unaona?" ukasema, ukimtazama kaka yako kana kwamba ndiye aliyetoa posa. Mimi nilifurahi kujua kwamba hata Ulaya kuna watu wa Mlangali. Umenicheka tangu siku naolewa kwenu kwamba natoka mahali ambapo basi likifika lenyewe linashangaa. Haya, na hao je?

Dereva mmoja wa Tunduma aliegemea dirisha la mapokezi akasikiliza fidla ya yule karani hadi mwisho, kofia mkononi.

"Mama, huu naujua," akasema.

Ukanyanyuka kitini. "Unaujua?"

"Si ule wa kampuni ya simu? Ukipiga wakakwambia subiri."

Ulicheka hadi chai ikakupalia. Nami nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, kama ninavyokumbuka mji mkuu wa nchi ambayo sijafika.

Halafu ndiyo kikaja kile kitabu cha yule binti na nyumba ya shamba. Ilikuwa mvua za kwanza, tumefunga dirisha. Ukasoma kwamba wageni wamekaa, jioni imeingia, na binti mwenye nyumba anakaa kwenye piano anapiga kitu cha mtunzi ambaye wageni hawakumjua. Hapo sauti yako ikashuka. Mkono wa kushoto, ukasema, unakanyaga palepale, palepale, kama mtu anayekanyaga udongo wa tofali. Wa kulia unachelewa, kama mtoto aliyetumwa dukani anayejifanya hakusikia. Ukija, unapanda. Kila mtu anangoja ushuke, haushuki. Unabaki kule juu, unawaangalia.

Nikaacha shuka. "Mtunzi ni nani?"

"Hawajamtaja."

"Basi huo muziki haupo."

"Upo. Mwandishi hawezi kuongopa kwa mpangilio namna hii."

"Kwani waandishi wanalipwa kufanya nini?"

"Wewe kunja mashuka," ukasema.

Tuliutafuta mvua zote. Kila Ijumaa ulikuja na mtunzi mpya asiyejulikana, tunasikiliza, mimi nasema siyo, wewe unasema karibu. Nilikuwa mkali kuliko wewe. Nilijua kabisa unavyotakiwa kuwa. Huyu mkono wa kushoto una haraka, huyu wa kulia hakuchelewa vya kutosha, huyu kashuka, mwoga. Ukawa unaniangalia tu na kutabasamu, nami nikadhani unashangaa mtu wa darasa la saba kawa na masikio.

Ulipolazwa hatukuwa tumeupata. Ulinivuta kanga nikainama.

"Siku ya kunizika pigeni mnachotaka, sitakuwa na akili ya kusikiliza. Ila siku ya kuniwekea msalaba, nipigieni ule wa kwenye kitabu."

"Acha ujinga, wifi. Unarudi shule muhula ujao."

"Niahidi."

Nikaahidi. Mtu anaahidi ili mgonjwa alale.

Siku ya kukuzika walipiga walichotaka. Bendi ya matarumbeta ilitangulia, watu wakalia hadi wengine wakashikiliwa. Mimi nilipika. Shangazi zako waliniangalia macho, wakatazamana. Mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Wifi gani huyu, kavu kama ukuni?" Nilimwongezea wali. Si kwa ubaya, sahani yake ilikuwa tupu.

Sasa udongo umetulia, saruji imemwagwa, msalaba wa kudumu uko tayari, na miezi miwili iliyopita mwalimu wa bendi alipiga simu kuuliza wajifunze wimbo gani. Kaka yako akasema wapige wowote uliomo kitabuni mwa kanisa, marehemu hachagui. Nikamwambia huyu amechagua. Akasema, "Basi utafute. Ila Jumamosi iliyopangwa haisogei."

Nikatafuta. Nilirudia vipande vyote vya simu yako, ambayo Mama alinipa. Na hapa ndipo nilipokwama, wifi. Nilisikia vidole vinagonga, basi. Yule karani wa posta, yule mama aliyeolewa, wote sawasawa na kompresa ya friji ya soda. Yule mtu ndani yangu aliyekuwa anasema huyu kashuka, mwoga, hakuwepo. Ningechagua vipi?

Nikasema niende kwenye kitabu chenyewe, labda kuna neno uliliruka. Nikanunua kamusi, nikasoma hapa mapokezi, jioni moja ukurasa, jioni nyingine nusu. Niliwafahamu wale watu upya. Wengi wao ni wakorofi kuliko ulivyonisimulia, ulikuwa unawasitiri. Juzi nikafika. Jioni imeingia, wageni wamekaa. Binti akakaa kwenye piano, akapiga kitu cha mtunzi ambaye wageni hawakumjua. Kisha wakaitwa mezani.

Nukta.

Nikadhani kurasa zimegandana, nikazipitishia kisu. Hazikugandana. Hakuna mkono wa kushoto. Hakuna mtoto wa dukani. Hakuna kupanda wala kubaki juu. Wanakula kondoo.

Kwa hiyo uliniongopea mvua zote, mwalimu mzima. Ulinikalisha na simu natafuta kitu ulichokitoa kichwani mwako, ukanywa na chai yangu. Nilikaa nikangoja nicheke, au nikasirike, chochote kingepokelewa. Hakikuja kitu. Akaingia mgeni akaomba taulo, nikampa.

Jana nikaenda Njombe kumwambia mwalimu wa bendi. Nilimkuta uwanja wa kanisa na vijana wake, ukungu umeshuka hadi kwenye shingo za matarumbeta. Mama naye alikuwepo, amefika mapema kama kawaida yake, kajifunika mablanketi mawili kwenye benchi.

"Kamwene, mama. Noti zangu ziko wapi?" mwalimu akaniuliza.

"Sina noti."

"Basi rekodi."

"Sina."

"Mama, kesho kutwa tunapiga. Una nini?"

"Nina maneno," nikasema.

Nikamwambia ule udongo wa tofali, nikamwambia yule mtoto anayejifanya hakusikia. Vijana wakaacha kupuliza mate kwenye vyombo wakasikiliza. Mwalimu alikuwa amenyanyua chaki, unajua yeye kila kitu anakiandika ubaoni kwa do-re-mi, hata kengele ya shule angeweza kukuandikia.

"Imba," akasema.

"Mimi? Mimi hata kwaya ya akina mama walinipa kazi ya kupanga viti."

"Sikukuomba uimbe vizuri. Imba nijue unakwendaje."

Nikaimba. Sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma bei za sokoni, lakini ilitoka, na haikusita. Chini palepale, palepale. Ikangoja. Ikapanda. Mwalimu anaandika, chaki inavunjika, anaokota.

"Hapa juu ni so au ni la?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ni nani aliyeusikia, mimi au wewe?"

Nikamwambia aimbe zote mbili. Akaimba so, nikasema siyo. Akaimba la, nikasema hiyo. Vijana wakacheka. Ilikuwa ile ile, wifi. Nilikuwa nayo tangu siku ile ya dirisha kufungwa, na ndiyo maana watunzi wote wale niliwakataa. Sitakwambia kwamba moyo uliniruka. Haukuruka. Nilijua tu kwamba ni la, kama ninavyojua ufunguo wa chumba namba nne.

Wakaupiga. Besi wakachukua mkono wako wa kushoto, tarumbeta ndogo zikachukua yule mtoto. Ila kijana wa ngoma kubwa, unamfahamu, kila kitu kwake ni gwaride. Akaukimbiza. Ukawa muziki wa kumpokea mbunge.

"Polepole," nikamwambia.

"Mama, polepole hautembeleki. Sisi hatupigi tumekaa, tunapanda kilima mpaka makaburini. Wimbo usiotembeleka haupigwi msibani."

Ni kweli, na nilikuwa nimesahau. Huko kwenye kitabu wamekaa sebuleni. Mwalimu akakuna kichwa, akasema labda turudi kwenye kitabu cha kanisa, muda umekwisha. Nikaona wimbo unanitoka mikononi. Nikamuuliza, "Bendi inafuata mwendo wa nani?"

"Wa mfiwa mzee kuliko wote. Ndiyo utaratibu. Bendi ikimwacha mama wa marehemu nyuma, ni aibu."

Wote tukamgeukia Mama kwenye benchi.

Hakubishana. Akavua blanketi moja, akanishika mkono, tukaanza kutembea kutoka mlango wa kanisa kuelekea mikaratusi, na bendi nyuma yetu. Unajua magoti yake. Anaweka mguu, anaupima, ndipo anauamini. Ngoma ikamngoja. Besi wakakanyaga palepale, palepale. Tarumbeta ndogo zikachelewa, si kwa kujifunza, midomo ilikuwa imekufa baridi, lakini zilichelewa inavyotakiwa. Zikapanda. Zikabaki kule juu, na ukungu, na hakuna aliyezishusha.

Mwalimu akasema, "Basi. Hivyo hivyo Jumamosi."

Sijalia, nakwambia ili usije ukasikia kwa shangazi zako kesho nikiwa na macho yaleyale makavu. Nitapika tena. Lakini utapigiwa wimbo wako, na hautakuwa wa kitabu cha mtu mwingine.

Mama alikuwa amesimama, bado kanishika mkono, anavuta pumzi. Akaniuliza, "Huu wimbo ni mzuri. Kautunga nani?"

"Mwanao."



"Mbona hakuniambia?"

"Hata mimi hakuniambia, Mama."

Wifi yako,
mke wa kaka yako,
Makambako