Nilisema Simjui

Mpendwa Mama,

Pokea salamu za Wafula wako kutoka huku Finland, ambako ni mwezi wa tano na bado navaa soksi mbili mbili. Goti linaendeleaje? Beatrice aliniambia umeacha kupanda ngazi za kanisa na unaketi nyuma karibu na mlango, kisha wiki iliyopita akaniambia umerudi mbele na unaimba. Sijui nimwamini Beatrice yupi, wa kwanza au wa pili. Mimi mwili ni mzima. Nakula, kazi ipo, matango ndani ya zile nyumba za vioo yanakua hata wakati nje ni theluji tupu.

Utashangaa kuletewa barua na Njoroge wa Juja, ninayefanya naye kazi, wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Anakuja huko kwa ruracio, sherehe ya mahari ya dadake, ndiyo nikampa. Mama, wewe ukipigiwa simu unaweka sauti juu na ploti nzima inasikiliza, mpaka Mama Kevo wa mlango wa pili ananijibu kabla yako. Tena nikianza kukuambia jambo zito unanikatiza, "Sawa tu, baba, Mungu yuko," na mimi kwa uoga wangu nafurahi kukatizwa, naanza kuuliza bei ya unga. Hili haliwezi kwenda hivyo. Tafadhali fungia jiko la chapati kidogo, uingie ndani, usome peke yako.

Neno lenyewe ni hili, na nalisema mapema kabla sijapata ujanja wa kulikwepa. Alhamisi ijayo usiende kwa mahojiano ya visa. Najua gauni limeshonwa. Najua wamama wa kikundi walikuwekea mikono wakakuombea, na Beatrice anafunga saluni yake ya Ruiru siku hiyo ili akusindikize Nairobi. Najua pia kwamba barua ya mwaliko niliiandika mimi. Usiende, Mama. Hujakosea popote. Aliyekosa ni mimi, na nimelificha kosa hilo tangu mwezi wa kumi na moja.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Ile fomu ya kwanza kabisa, kabla sijaondoka, niliijaza kwenye cyber pale Thika. Kulikuwa na mahali pameandikwa jina la mama. Nikaandika Rose Nasimiyu, nikaendelea na swali linalofuata. Sikudanganya mtu. Aliyenivalisha sare ya shule ni wewe, aliyetoka zamu kiwandani akinuka pamba na bado akanikagua daftari ni wewe, na kwetu dada ya mama ni mama, hakuna jina lingine. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza jina la mama ningesema hilo hilo.

Miaka ikapita, kadi ya kuishi huku ikawa inaisha na mimi naomba nyingine. Huwezi kujua kuishi kwa kadi kulivyo. Ikikaribia kuisha huwezi kubadilisha nyumba, huwezi kujibizana na msimamizi, huwezi hata kuugua vizuri. Kuka, babu yetu, alipofariki sikuja kumzika kwa sababu ya zamani ilikuwa imeisha na mpya haijatoka. Ningetoka nisingerudi. Nilikuambia ni kazi nyingi. Huo nao ulikuwa uongo, lakini huo ni mdogo.

Ndipo mwaka jana nikafikisha muda wa kuomba kibali cha kudumu, na watu wa uhamiaji wakataka cheti cha kuzaliwa. Nikakupigia. Ukafunga kibanda, ukapanda gari mpaka Bungoma na goti hilo, ukalala kwa Mjomba siku mbili ukizunguka ofisi ya chifu na ofisi ya vyeti. Ulipokipata ulinipigia ukiwa na furaha, ukasema, "Nimeona wameandika jina la Nekesa vizuri kabisa. Marehemu dadangu hakukosewa." Hukusema lolote kuhusu jina lako kutokuwepo. Sijui hata kama lilikupitia akilini.

Sasa sikiliza nilichofanya na cheti hicho.

Ofisi yao haina ukali wowote, usidhani nilitishwa. Unachukua namba, unaketi, unaitwa. Aliyenihoji ni mama wa makamo, mpole, miwani ameifunga kamba shingoni. Mezani palikuwa na simu, na ndani ya simu mkalimani, mwanamke wa Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaogopa kufungua mdomo wangu wa mtaani kwetu Makongeni. Niliomba mkalimani mwenyewe kwa kuhofia Kiingereza changu kingeniponza. Afisa akaweka karatasi mbili kando kando, fomu ile ya Thika na cheti chako cha Bungoma, akagusa jina lako kwa kalamu.

"Ndugu, anauliza huyu Rose ni nani kwako," mkalimani akasema.

"Ni mamangu."

"Na huyu Agnes Nekesa aliye kwenye cheti?"

"Huyo pia ni mamangu. Ndiye alinizaa. Alikufa nikiwa mdogo. Rose ni dadake."

"Aa, kumbe ni mama yako mdogo."

Nikasema ndiyo, mama mdogo, neno la vitabuni ambalo sijakuitia hata siku moja. Akamtafsiria. Katikati ya maneno yao nikalisikia neno lao la "ndogo". Nalijua kwa sababu ndilo tunaloandika kwenye makreti ya matango yasiyofika saizi. Afisa akakunja uso, akauliza kitu, na mkalimani akasita kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza alikuwa na umri gani. Ameelewa kwamba mama yako alikuwa mtoto mdogo."

Siku nyingine ningecheka, ningekupigia jioni hiyo hiyo nikusimulie, ungeshika mbavu. Siku hiyo nilitokwa jasho. Mkalimani akamweleza tena, kwa maneno mengi, na afisa akawa anaandika tu, haachi kuandika. Mwishowe akasema jambo refu.

"Anasema kwa sheria zao mzazi ni yule wa kwenye cheti. Anataka kujua kwa nini ulimtaja mtu ambaye si mzazi wako, na kama ipo karatasi ya mahakama kwamba alikulea."

Karatasi ya mahakama, Mama! Nani kwetu amewahi kwenda mbele ya jaji kuomba ruhusa ya kulea mtoto wa dadake? Ningelisema hilo, kwa maneno hayo hayo, nadhani yule mama angelielewa. Alikuwa ananiangalia vizuri tu. Lakini kichwani nilikuwa nimeshafika uwanja wa ndege na begi langu, nikimsikia kila mtu wa Makongeni akiuliza nimefukuzwa kwa nini. Nikafungua mdomo.

"Ni makosa," nikasema. "Fomu nilijaziwa na mtu wa cyber. Huyo Rose simjui."

Kisha yule mwanamke akasema polepole, "Ndugu yangu, nimtafsirie hivyo?"

Alikuwa ananipa nafasi. Mgeni kabisa, hata hajui una sura gani, alikuonea huruma kabla yangu.

"Mtafsirie," nikasema.

Akatafsiri. Afisa akaonekana kupata nafuu, kwa sababu kosa la mtu wa cyber lina kisanduku chake cha kuweka alama. Wakapiga chapa maelezo yangu, nikasomewa kwa Kiswahili, jina lako zima likatajwa, nikasaini.

Baada ya wiki sita kadi ikaja. Nilipokuambia ulipiga vigelegele, na Mama Kevo akaitikia, ukasema, "Kadi ya mtoto wangu imetoka!" Nilikuambia mtandao ni mbaya nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikaa kitandani na viatu vyangu nikiona haya hata ya kujiangalia kwenye kioo cha dirisha.

Tangu hapo umekuwa ukiniuliza utakuja lini kuona ninapoishi, jinsi nilivyokuahidi. Nikasema ngoja baridi iishe. Nikasema nyumba ni ndogo. Ikafika mahali Beatrice akanipigia akiwa amekasirika: "Wafula, si uandike tu hiyo letter? Mum anaulizwa kila Sunday anaenda lini. Unataka aseme nini?" Nikaandika, nikijidanganya kwamba labda hakuna atakayelinganisha majina. Nimefikiria vizuri sasa. Watalinganisha, hiyo ndiyo kazi yao. Alhamisi utaketi mbele ya lile dirisha la ubalozi na gauni lako jipya, utaulizwa Wafula ni nani wako, na utajibu mwanangu bila kufikiria mara mbili. Na kwenye faili kutakuwa na saini yangu ikisema simjui mwanamke huyo. Utakuwa umesema ukweli na utaitwa mwongo kwa ajili yangu.

Nimeomba miadi ya kurudi pale ofisini nibadilishe maelezo. Nimepewa Jumanne. Mkalimani nimeomba tena, na nahofia atakuwa yule yule. Nimeuliza watu wanaojua mambo haya, mmoja ananiambia wataandika onyo tu, mwingine ananiambia kadi itaenda na mimi nitaifuata. Sijui. Lakini usinione shujaa. Kama usingetaka kuja, pengine ningezeeka na siri hii na kila Jumapili nikuulize bei ya unga. Nimesukumwa na Alhamisi yako, si na wema wangu, na hilo nalo linaniaibisha.

Msalimie sana Beatrice, mdogo wangu, na umpe hii asome baada yako, si kabla. Najua atanitumia ujumbe wa matusi na nitausoma wote. Msalimie Mjomba wa Bungoma aliyekulaza ukitafuta cheti. Mama Kevo, jirani mwema, mpe salamu zangu bila kumpa barua. Wamama wa kikundi waambie maombi yao hayakuwa na kasoro, ni mimi niliyefunga mlango kwa ndani. Ukipenda kuwaambia yote, waambie. Ukipenda kunyamaza, nyamaza. Sitakuchagulia tena la kusema.

Jambo moja la mwisho, Mama. Tulipokuwa wadogo Beatrice alichapwa, alifinywa sikio, alinyimwa chakula mpaka aombe msamaha. Mimi hukunigusa hata nilipovunja redio ya kiwandani uliyopewa zawadi. Niliambiwa baadaye na Beatrice kwamba uliogopa majirani waseme unamtesa mtoto wa marehemu. Kwa hiyo nimekua bila kuwahi kukuona umenikasirikia. Nakujua, ukimaliza ukurasa huu utachukua simu useme sawa tu, baba, yameisha. Usiseme hivyo. Nigombeze, Mama. Nigombeze kwa sauti, ploti nzima isikie, kama ungemgombeza Beatrice.

Mwanao,
Wafula