Idi Hakuwa Anaswali

Jumatano. Ile baridi ya Julai ya kuingia mifupani, manyunyu tangu asubuhi, makaa hayataki kushika. Nimechoka, lakini hasira inanipa nguvu ya kuandika.

Wiki hizi nyumba yetu hapa Majengo imegeuka mahali pa kuzuru. Wanawake wanakuja kumwona Idi wangu, mtoto wa miezi saba, ati anaswali. Akiamka tu, ukimpakata, anainama mbele ghafla, mikono inatanuka, anainuka. Halafu tena. Na tena. Mama mkwe wangu, Bi Zainabu, ndiye aliyeona kwanza. Akasema mtoto anarukuu, huyu atakuwa shehe. Majirani wakaanza kuleta mahamri na kumshika kichwa wapate baraka.

Mimi nimesilimu juzi tu nilipoolewa. Kwetu ni Othaya, watu wa kahawa na kanisa. Nikifungua mdomo kuhusu mambo ya dini naonekana bado nina ukafiri, kwa hivyo nilinyamaza. Lakini macho ninayo.

Idi anainama akiamka, iwe saa ya swala au isiwe. Akimaliza analia kama mtu aliyeshtuliwa. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, sasa anaporomoka. Ameacha kucheka. Nikimwita, hanitazami.

Hilo la kutonitazama ndilo lililonivunja.

Leo nikamfunga mgongoni nikaenda hospitali. Bi Zainabu alisimama mlangoni akaniuliza ni mama gani anampeleka mtoto wa baraka akadungwe sindano. Nilimpita. Tangu tupate Uhuru watoto wanatibiwa bure, sikuwa na haja ya kumpigia mtu magoti.

Shida ni kwamba Idi alilala njia nzima. Alipowekwa mbele ya daktari alikuwa mtoto mzuri, mnene, pua safi. Daktari akampima hapa na pale, akasema hana homa, nirudi nyumbani. Nikamwambia sitoki mpaka aamke. Foleni ilikuwa imefika nje kwenye mvua, kina mama wananung'unika, nami nimekaa tu. Sijui huo uso mkavu niliutoa wapi.

Akaamka. Akainama.

Daktari aliweka kalamu chini akamtazama mpaka hali ile ikaisha. Akaniuliza ilianza lini, na kama kuna mambo mtoto alikuwa anayaweza akayaacha. Kisha akaniambia waziwazi kwamba ni ugonjwa wa ubongo, ndugu yake kifafa. Si ibada, si uchawi, na si kosa langu. Atadungwa kila siku kuanzia leo, kwa sababu tukichelewa akili yake itabaki nyuma. Wengine wanapona vizuri, wengine hawaponi, na yeye hawezi kuniahidi kitu. Nilimwuliza tu mlango wa sindano ni upi.

Jioni wanawake wakaja na sinia yao. Nikawaambia Idi ni mgonjwa, wamwombee dua wakiwa kwao. Bi Zainabu alinitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele ya watu. Niliona aibu, lakini sikurudi nyuma.

Walipoondoka, Idi akaamka mapajani mwa Bi Zainabu na kuanza kuinama. Nikamwambia, "Mama, leo usiangalie mgongo. Mwangalie usoni."

Akamwangalia. Akaona macho yalivyopinduka, akaona midomo ilivyokaza. Siku zote hizi alikuwa anampakata akiwa amemgeuzia wageni, kwa hivyo uso wenyewe hakuwahi kuuona. Alimshika kichwa kwa mikono miwili mpaka hali ile ikapita, machozi yanamtiririka, asiyafute. Nilimwonea huruma kuliko nilivyodhani ningeweza.

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ndogo, kesho tunatoka saa ngapi.

Nimemwambia saa moja, mvua inyeshe isinyeshe. Sijui kama Idi atacheka tena. Lakini hatakosa sindano hata moja.